Dakika 20 za Nani?

Kama uko jikoni, punguza moto kidogo usikilize. Kama uko ndani ya daladala, umeshika bomba kwa mkono mmoja na simu kwa mwingine, basi wewe hasa ndiye niliyekuwa nakutafuta. Leo nimekuja na kisa cha mpwa wangu, na kisa chenyewe kimezaa swali ambalo nataka kuiuliza miji yetu.

Mpwa wangu alitoka Songea kwa basi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuja Dar es Salaam, na alikuwa ameitwa kwenye usaili wa kazi, Posta, katikati ya jiji, saa 4 asubuhi. Kijana wa siku hizi, hakutaka kumsumbua mjomba. Tangu akiwa nyumbani alikuwa amejisomea kila kitu kwenye simu: jiji liko wapi, utakula nini, utalala wapi. Akapata nyumba ya wageni Sinza, bei nafuu, picha nzuri, na sentensi moja iliyommaliza kabisa: "Tupo dakika 20 tu kutoka katikati ya jiji."

Basi likamshusha stendi ya Mbezi saa 3 usiku. Akatoa simu, akaandika Sinza. Simu ikamchorea mstari wa bluu, ikamwambia aendeshe gari. Hana gari. Akabonyeza penye picha ya basi, hakuona kitu cha maana. Akabonyeza penye picha ya mtu anayetembea, simu ikamwambia, bila hata pole, kwamba atatembea saa kadhaa. Mbezi hadi Sinza, usiku, na begi.

Pembeni yake palikuwa na mama anauza chai na maandazi. "Shikamoo mama. Naomba kuuliza, nataka kufika Sinza."

"Marahaba mwanangu. Sinza ipi?"

Msikilizaji, naomba tusimame hapo hapo. *Sinza ipi.* Simu yenye akili zote za dunia haikuuliza swali hilo. Yule mama alijua kwamba Sinza si moja: kuna Mori, kuna Kijiweni, kuna Palestina, kuna Afrika Sana, na kila moja ina gari lake. Aliposikia ni Mori, akajibu huku anamimina chai: "Chukua gari la Kimara. Kimara ingia mwendokasi, shuka Shekilango. Ukitoka kituoni panda bajaji, mwambie Mori. Na begi hilo lishike mbele." Kijana akafika.

Asubuhi yake akakumbuka zile dakika 20. Akajipa 40, kwa tahadhari. Alifika Posta baada ya saa nzima na robo, shati limelowa mgongoni, anatetemeka. Bahati yake, aliyepaswa kumsaili alikuwa hajafika naye. Bwana mkubwa alikuwa ndani ya gari lake, na kiyoyozi chake, amekwama kwenye foleni.

Nilipomaliza kucheka nikajiuliza: zile dakika 20 zilikuwa za nani? Hazikuwa za mpwa wangu. Hazikuwa hata za yule bwana mwenye gari. Zilikuwa za mtu mmoja anayeendesha gari lake saa 9 za usiku, barabara tupu, taa zote zimewaka kijani. Mtu huyo ndiye ambaye miji yetu inamwandikia. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Sikujua kwamba siku moja njia hiyo itapimwa kwa dakika na kubandikwa mtandaoni.

Chukua jioni moja upitie kurasa zinazowakaribisha wageni katika miji yetu ya Afrika Mashariki, za hoteli, za makumbusho, za fukwe, za ofisi. Utakutana na lugha yake maalumu. "Umbali mfupi kutoka uwanja wa ndege." Mfupi kwa nani? "Usafiri unapatikana kwa urahisi." Usafiri upi? "Tupo jirani na" duka fulani kubwa, ambalo mgeni angekuwa analijua asingekuwa mgeni. Halafu huja ramani yenye alama nyekundu, na chini yake namba ya simu. Maana ya ile namba tunaifahamu wote: *ukipotea, piga, tutakuelekeza.* Yaani ukurasa wenyewe umeshakiri kwamba hauelekezi.

Sasa mtu ataniambia, wewe nawe, kurasa hizo zimeandikwa kwa ajili ya watalii, na mtalii anatoka uwanja wa ndege moja kwa moja hadi kwenye gari la hoteli. Haya, tukubaliane kwanza mgeni ni nani.

Simama Kariakoo asubuhi yoyote. Utasikia Kiswahili cha Lubumbashi, utasikia Kikomoro, utasikia watu wa Zambia na Malawi wanahesabu marobota ya nguo. Hao ni wageni, tena wageni wanaoacha fedha. Nenda hospitali ya Muhimbili. Yule baba wa Kigoma aliyemleta mkewe kwa barua ya rufaa ni mgeni. Nenda Mlimani wiki ya kufungua chuo: maelfu ya wageni wenye masanduku ya bati na magodoro. Mtu aliyekuja msibani ni mgeni, aliyekuja harusini ni mgeni, aliyekuja kufuatilia mafao yake ya kustaafu ni mgeni. Karibu wote hao wamekuja bila gari. Na huyo mwenyeji anayewapokea? Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam, na walio wengi huenda kazini kwa daladala, kwa mabasi ya mwendokasi, kwa bodaboda au kwa miguu yao. Mgeni hana gari, mwenyeji hana gari, lakini mji wao, ukiutazama mtandaoni, unaendesha.

Hata jina la Kariakoo linatukumbusha. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walikuwa na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, watu waliobebeshwa mizigo ya jeshi na kutembezwa kwa miguu, wengi wao wasirudi. Pale walipopiga kambi pakabaki na jina lao kwa matamshi yetu: Kariakoo. Nairobi nako kuna Kariokor, kwa asili hiyo hiyo. Soko letu kubwa kuliko yote linaitwa kwa jina la watu waliokwenda kwa miguu. Halafu leo tunaeleza namna ya kulifikia kana kwamba kila anayekuja ana sehemu ya kuegesha.

Labda unauliza, hivi hizi simu kwa nini hazijui daladala? Zilichelewa wapi? Kisa chake ni kizuri, nacho kinaanzia mbali.

Mwaka 2005, mjini Portland, jimbo la Oregon huko Marekani, palikuwa na mama anaitwa Bibiana McHugh, mfanyakazi wa TriMet, shirika la mabasi na treni la mji huo. Naye alikerwa na jambo lile lile lililomkera mpwa wangu. Mwenye gari alikuwa tayari anaelekezwa na mtandao kona kwa kona. Mpanda basi, hasa akiwa ugenini, alikuwa anahangaika. Akawasiliana na Google, wakafanya kazi pamoja, na Desemba ya mwaka huo Portland ikawa mji wa kwanza ambao mtu aliweza kuiandikia Google anatoka wapi na anakwenda wapi, akajibiwa kwa basi na treni. Siri yake ilikuwa kitu cha kawaida mno: majedwali ya maandishi matupu. Jedwali la vituo, jedwali la njia, jedwali la safari, jedwali la saa ambazo gari linapita kila kituo. Mpangilio huo ukatolewa wazi, mji wowote ukaruhusiwa kuutumia. Mpaka leo, unapoona simu inakuelekeza treni ya Chicago, nyuma yake kuna majedwali ya namna hiyo.

Sasa lilete jambo hilo kwetu. Jedwali la saa: daladala la Gongo la Mboto linaondoka saa ngapi? Linaondoka likijaa. Jedwali la vituo: kituo kiko wapi? Kiko pale abiria aliposema "shusha", kama trafiki hayupo. Kompyuta ya Portland ikisikia majibu hayo inazima yenyewe.

Lakini tusikimbilie kusema kwetu hakuna utaratibu. Upo, tena umekomaa tangu miaka ya 1980, zama ambazo magari ya watu binafsi yaliruhusiwa kubeba abiria Dar es Salaam na nauli ilikuwa shilingi 5, ile sarafu iliyoitwa dala. Ule mkanda wa rangi ubavuni mwa daladala si urembo, unakuonyesha njia. Maandishi ya mbele yanakupa mwanzo na mwisho. Sauti ya konda inakupa yaliyo katikati. Na kuna maarifa ambayo hayajaandikwa popote: kwamba jioni ukitaka siti unapanda gari linalokwenda upande usiokwenda wewe, unageuza nalo. Mgeni akiona watu wanagombea gari linaloelekea siko, atadhani wamechanganyikiwa. Wenyeji wanajua wanachofanya. Utaratibu wetu umekaa kinywani. Kazi ni kuutoa kinywani kuupeleka kwenye maandishi, na kazi hiyo imeshafanyika karibu yetu.

Nairobi. Watafiti na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa vyuo vya MIT na Columbia vya Marekani na kampuni ndogo iitwayo Groupshot, walipanda matatu wakiwa na simu zinazorekodi zinakopita. Njia baada ya njia, kituo baada ya kituo. Januari 2014 wakatoa ramani ya njia zaidi ya 130, imechorwa kwa mistari ya rangi kama ramani ya treni za chini ya ardhi za Ulaya. Kwa kuwa matatu hazina ratiba, ilibidi waunyumbulishe ule mpangilio wa Portland, wakadirie muda badala ya kunakili saa. Mwaka 2015 taarifa zile zikaingia kwenye ramani za Google. Mgeni aliyeshuka Nairobi akaweza kuona kwamba 46 inakwenda Kawangware, 111 inakwenda Ngong, na 34 inamtoa mjini hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Kumbe hata huo uwanja wa ndege unafikika kwa matatu. Wafagizi wake na wauza kahawa wake wanajua hivyo tangu zamani. Wao ndio abiria wa kila siku wa 34.

Hata Dar es Salaam mikono ya kuchora ipo. Kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wenyewe kuchora mitaa iliyokuwa haina ramani, hasa inayofurika maji: vichochoro, mitaro, madaraja madogo, nyumba kwa nyumba. Waliochora kichochoro cha Tandale hawawezi kushindwa kuandika daladala la Tandale linapita wapi.

Ugumu unaanza baada ya kuandika. Njia hubadilika. Barabara hufungwa. Mvua ikinyesha, Mto Msimbazi hupanda Jangwani, na mwendokasi husimama hata kama ukurasa unasema linatembea. Na hapa nina ushahidi ambao kila Mtanzania anaujua: Ubungo. Kwa miaka mingi mgeni wa bara alijua neno moja, Ubungo. Stendi ikahamia Mbezi, ile stendi kubwa iliyozinduliwa Februari 2021. Gazeti la zamani tunafungia maandazi. Mtandaoni gazeti la zamani haliishi. Ukurasa wa miaka kumi iliyopita umevaa nguo zile zile za ukurasa wa jana, na unaendelea kumwambia mgeni kwa upole kwamba atashuka Ubungo, hapo ni karibu na kila kitu. Mwenye gari hadhuriki na kosa hilo. Anayedhurika ni yule aliyepanga kushuka Ubungo akapokelewa, na mjomba wake anamsubiri pale.

Tena kuna mitego ya majina. Mgeni amesoma kwamba Makumbusho ya Taifa ni pazuri pa kutembelea. Anamwambia konda, "Makumbusho." Konda, mtu mwaminifu kabisa, anampeleka Makumbusho: stendi ya Makumbusho, Kijitonyama, jirani na Kijiji cha Makumbusho, penye nyumba za asili za makabila. Nako ni pazuri. Ila Makumbusho ya Taifa yako kule mjini, mtaa wa Shaaban Robert, ambako angeshuka Posta ya Zamani akatembea dakika 10 au 15. Stesheni za treni nazo si moja: ya TAZARA iko kwenye makutano ya barabara za Nyerere na Mandela, na ile ya treni ya umeme ya Morogoro na Dodoma, iliyoanza kubeba abiria 2024, iko katikati ya jiji. Ukizikosea, treni haikusubiri. Na saa zenyewe! Mtu wa Bukavu anasoma saa kwa Kifaransa, mtu wa Mtwara anahesabu tangu jua kuchomoza. Ukimwandikia "gari la mwisho saa 5" bila kusema saa 5 ya nani, umemlaza stendi.

Mambo haya ni madogo, najua. Hayana picha nzuri. Hakuna meya atakayekata utepe kuzindua sentensi isemayo "shuka Posta ya Zamani, siyo Makumbusho". Lakini mgeni anaishi ndani ya mambo madogo kama haya.

Nataka nikupeleke mahali ambapo mambo haya yameelezwa vizuri bila kongamano wala semina. Lamu. Mji Mkongwe wa Lamu, ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, una vichochoro ambavyo gari haliingii. Punda ndiye mwenye barabara. Sasa muulize mtu wa Lamu mwenye nyumba ya wageni, mgeni anafikaje? Hawezi kukwambia "dakika 20". Atakwambia: ukija kwa ndege utashuka Manda, kisiwa cha pili, utateremka gatini, utapanda boti, utavuka. Ukija kwa basi litaishia Mokowe, nako utapanda boti. Ukifika gati la Lamu utapita njia ya pwani, kisha utaingia kichochoro fulani, mlango wa nakshi, kushoto kwako msikiti. Anaeleza yote, kwa sababu hana namna ya kusema uongo. Gari halipo la kujifichia. Hapo mgeni asiye na gari ndiye mgeni pekee aliyepo, na maelezo yanamfuata hatua kwa hatua kama mtu aliyeshikwa mkono.

Unguja nao hawako mbali na hapo. Gari za shamba zina namba: 116 Nungwi, 309 Jambiani, 505 uwanja wa ndege. Namba haihitaji Kiswahili wala Kiingereza. Mgeni wa Poland aliyeikariri 309 anafika Jambiani sawasawa na bibi anayerudi kutoka sokoni, tena huenda wakakaa siti moja, ndoo ya dagaa katikati yao.

Ukivuka bahari utakuta miji iliyokwenda mbali zaidi. Geneva, kule Uswisi, mgeni anayelala hotelini au hata hosteli ya vijana hupewa kadi ya kupanda mabasi na tramu bila kulipa kwa siku atakazokaa. Luxembourg tangu 2020 imeondoa kabisa nauli ya mabasi, tramu na treni za daraja la kawaida nchi nzima, mwenyeji na mgeni. Utasema hao ni matajiri. Kweli, nauli ya bure inahitaji mfuko. Sentensi haihitaji. Tena Dar es Salaam ndiyo ingekuwa ya kwanza kujisifu: mwendokasi lilianza kubeba abiria Mei 2016, na mwaka 2018 jiji likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu kwa sababu ya mabasi hayo. Ukipewa tuzo kwa kupika pilau, mgeni akija unamficha sufuria?

Najua kuna msikilizaji anatikisa kichwa. Anasema: ndugu mtangazaji, unataka tumpeleke mgeni kwenye msukumano wa Mbagala jioni? Aibiwe simu, akanyagwe, akaseme huko kwao? Swali ni la haki na silikwepi. Mabasi yetu hujaa kupita kiasi. Mkono wa mwizi upo. Mwenye kiti cha magurudumu kulipanda daladala ni shida kubwa, na mama mwenye mtoto mgongoni na mzigo kichwani anapata tabu ambayo hakuna ramani itaiondoa. Mwanamke anayeshuka kituoni usiku ana hesabu zake za hofu.

Basi hayo nayo yaandikwe. Tumwambie mgeni: kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi usithubutu na sanduku kubwa. Simu usiitoe dirishani. Ukishuka usiku, kituo fulani kina taa na watu, kingine hakina. Shuka kile cha kwanza. Ukiwa na mgonjwa, mwendokasi lina vituo visivyo na ngazi za kupanda ndani ya basi, lakini saa ya msongamano kodi bajaji. Dereva wa teksi hatakosa mkate wake. Atawapata wateja wenye sababu ya kumpanda, badala ya watu waliokosa habari. Kumficha mtu jambo ukidai unamlinda ni tabia ya mzazi kwa mtoto. Mgeni ni mtu mzima. Mpe ukweli, achague.

Na kuna jingine nimelichunguza nikaona haya. Tunapoficha daladala, wakati mwingine hatumlindi mgeni. Tunajilinda sisi. Tunataka atuone tukiwa kwenye ile barabara ya juu, lile daraja linalong'aa usiku, siyo tukiwa tumejipanga Kariakoo saa 1 jioni, kila mmoja amekodolea macho gari linalokuja. Kama mwenye nyumba anayemkalisha mgeni sebuleni na kufunga mlango wa uani, wakati maisha yote ya nyumba yako uani: jiko, maji, watoto, mazungumzo. Mgeni akikaa sana atakwenda uani tu. Afadhali umfungulie mwenyewe.

Sasa nimrudie mpwa wangu. Kazi aliipata. Sasa anakaa Kimara, na majuzi ilikuwa zamu yake: mdogo wake wa kike amemaliza kidato cha 6, anakuja Dar es Salaam kwa mara ya kwanza. Nikamwona amekaa kibarazani anaongea peke yake kwenye simu. Alikuwa anamrekodia ujumbe wa WhatsApp. Nimemwomba ruhusa niusome hapa, naye amenipa.

"Dada, sikiliza vizuri, na usiufute ujumbe huu. Utashuka Mbezi, siyo Ubungo, hata mtu akikwambia Ubungo. Usishuke kabla basi halijaingia ndani ya stendi. Watakuja watu watataka kukubebea begi, waambie asante, umeshapokelewa. Toka nje, uliza gari za Kimara. Usimuulize mwenye bodaboda, muulize mama yeyote anayeuza kitu, yeye hana haja na nauli yako. Kaa na chenji. Shuka Kimara Mwisho. Usivuke barabara kwa chini, panda daraja. Ukishavuka utaona duka la dawa, na pembeni yake fundi viatu, anaitwa Babu, mwamkie, anakufahamu, nimeshamwambia. Simama hapo. Nitakuwa nimefika. Kama sijafika nipo kwenye foleni, kaa na Babu, usihame. Na dada, ukiona giza limeingia kabla hujafika, usiogope. Mji huu una watu wengi."

Ujumbe wa dakika moja na sekunde kadhaa. Umesikia humo neno "umbali mfupi"? Umesikia dakika ngapi kutoka wapi? Hakumpa hata dakika moja, kwa sababu anaijua Dar es Salaam sasa. Alimpa majina ya vituo, alimpa la kukataa, alimpa mtu wa kumuuliza na sababu ya kumuuliza huyo. Alimpa pa kungoja.

Ujumbe kama huo upo kwenye simu yako pia. Uliutuma, au ulitumiwa, siku mama alipokuja hospitali au binamu alipokuja kuanza chuo. Upo Mombasa, upo Kampala, upo Bujumbura. Ofisi inayohusika na kuwakaribisha wageni katika mji wetu ikitaka kujua ukurasa wake uandikwe vipi, isiajiri mtu wa kupiga picha za daraja. Itoe namba tu, iseme: wananchi, tutumieni zile sauti mlizowatumia ndugu zenu. Halafu maofisa wake wakae chini, wasikilize, waandike.

Nami nakuaga hapa, msikilizaji. Ukishuka leo, angalia pikipiki kabla hujavuka.